Salamu ya Mtu Mmoja

Asubuhi ya kwanza ya kurekodi, Epifania aliwapikia uji wa mtama watu wote wa filamu. Kuni pale Mwakalundi ni za kununua, kwa hiyo aliupika kwa mavi makavu ya ng'ombe, kama alivyopika tangu alipoolewa. Moshi wa mavi ya ng'ombe ni mzito, haupandi juu. Hukaa jikoni kama mgeni asiye na haraka ya kuaga. Epifania alitoka nao, sufuria mkononi, macho mekundu yakimchuruzika, akawahimiza vijana wanywe kabla uji haujapoa.

Meshack, mwenye filamu, aliweka kikombe chini. Alikuwa kijana wa Geita mjini, aliyepiga picha za harusi na vipaimara vya watu kwa miaka, akijinyima, ili siku moja atengeneze filamu yake mwenyewe ya viumbe wa sayari nyingine. Alimtazama yule mama machoni kupita kiasi cha adabu.

"Lusia," alimwita fundi wake wa vipodozi. "Yale macho ya mama yako."

"Yana nini? Ni moshi."

"Ndiyo hayo niliyokuwa nayatafuta. Lenzi nyekundu zimenishinda bei. Mama yako ndiye atakuwa Mama wa Nyota Jirani."

Epifania aliulizwa, akasema kama ni kazi ya kukaa na kutembea, anaiweza.

Lusia ndiye aliyewaleta Mwakalundi. Yeye alikuwa na saluni Ngokolo, Shinyanga mjini, anapamba maharusi. Meshack aliposema anatafuta mahali panapofanana na sayari isiyo na watu, alikumbuka vilima vya marudio nyuma ya kwao, ule mchanga mweupe wanaouacha wachimbaji wakishaukamua dhahabu. Hapaoti jani pale. Lakini moyoni hakuja kwa ajili ya filamu. Alikuja kumchukua mama yake.

Macho mekundu, katika nchi ile, si jambo la kuchezea. Kila mtu anajua yanatoka wapi, maana kila nyumba ina jiko na kila jiko lina moshi. Lakini mwanamke akizeeka, hasa akizeeka mjane na ana shamba, watu husahau habari ya moshi. Mwaka juzi, kijiji cha pili, mama mmoja alikatwa mapanga huku anamenya karanga. Waliomkata hawakujulikana, na walisaidia kuchimba kaburi.

Na shamba la Epifania lilikuwa limeanza kunong'onwa. Ngassa, mtoto wa shemeji yake, aliokota jiwe mpakani, akalitwanga, akaliosha kwenye karai, akaona uzi wa njano. Alikuja kwa heshima zote, akakaa kwenye kigoda, akamwomba mama mkubwa amwachie shamba. Epifania akamjibu kwamba mumewe amelala mle, na mtu aliyelala hachimbiwi miguuni. Ngassa akashukuru kwa maji ya kunywa, akaondoka, akaenda kwa mganga. Habari hizo Lusia alipigiwa simu na Dorika, jirani na shoga wa mama yake tangu walipokuwa maharusi.

"Twende Ngokolo, mayu," Lusia alimwambia mama yake jioni ile. "Chumba kipo. Umeme upo."

"Nikienda, baba yako atasalimiwa na nani?"

Maana kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, Epifania alipita kaburini akatoa salamu, akangoja kidogo, kisha akaenda zake.

"Basi angalau filamu ikiisha."

Mama alikoroga makaa kwa kijiti. "Filamu ikiisha, nitakwenda. Kazi ya watu haiachwi katikati."

Lusia akalala ametulia. Alikuwa na hakika kwamba amekwisha kumwokoa.

Hadithi ya filamu yenyewe ilikuwa hivi: zamani watoto wa Nyota Jirani walianguka duniani wakageuka dhahabu, watu wakawachimba wakawauza. Sasa mama yao ameshuka kuwatafuta. Anapita mlango kwa mlango akiuliza, "Mmewaona wanangu?" Epifania alilisema neno hilo mara ya kwanza kamera ikiwaka, na Davis, mpiga picha, akasahau kuzima mashine, kwa jinsi lilivyomwingia. Mama huyo alikuwa amezika watoto wawili kabla ya Lusia. Hakuhitaji kufundishwa kuuliza.

Chombo cha kushukia alikitengeneza Ansgar, mchomeleaji wa malori kutoka Isaka. Alichukua simtanki bovu na mabati, akaviunganisha kikawa chombo hasa, mtu anaingia na mlango unafunga. Ila chombo hicho kilikuwa cha kusimama tu chini. Kwa picha za angani alihitaji kitu cha duara, chepesi, ambacho droni ingekiinua. Alizunguka uani kwa Epifania akatafuta, akaona kinachofaa, akakiomba, akapewa.

"Nilikinunua Ushirombo mnadani," Epifania alimwambia. "Ukimaliza unirudishie."

Lusia alikikuta kinakauka juani, kimepuliziwa rangi ya fedha. Kilikuwa ungo.

"Ansgar! Ungo? Hapa kijijini? Ungo wa mama yangu?"

"Mwepesi kuliko bati, dada."

Wachawi wa nchi hii husafiri kwa ungo. Mtoto wa chekechea analijua hilo. Ansgar alilijua pia, na Meshack, na Davis, lakini wao walikuwa watu wa mjini, na mjini mambo hayo ni ya kuchekeana. Lusia alifungua kinywa akataze. Wakati huohuo Meshack akaita kwamba jua linapanda, mwanga unaharibika, poda iko wapi? Lusia akachukua mkoba wake akaenda. Hilo ndilo lililokuja kumchoma kuliko yote.

Droni ikauinua ungo. Ukapita juu ya mashamba ya pamba unang'aa, ukazunguka mara moja, ukarudi ukatua uani kwa Epifania. Watu waliokuwa wakipalilia waliegemea majembe wakautazama. Kisha wakaendelea kupalilia.

Jioni Epifania alikwenda bombani. Alikuta foleni ya wanawake na watoto, ambao siku zote humpokea kwa shikamoo mpaka anachoka kuitikia. Siku hiyo kila mmoja alikuwa na jambo la kuangalia ndani ya ndoo yake. Alichota, akajitwika, akarudi nyumbani.

Kesho yake Davis alilalamika. Alikuwa amepiga picha Mama wa Nyota Jirani akitembea juu ya marudio, na mchanga ule ni laini kama unga, hata panya akipita unamwona. Lakini nyayo za Epifania hazikuonekana. Wakarudia. Hazikuonekana tena. Meshack akasema si kitu, kiumbe wa nyota si lazima aache nyayo. Lusia alimvuta mama yake pembeni, akampeleka kwenye banda la kununulia pamba, akampandisha kwenye mizani. Mshale ulisogea kidogo, kama vile wamepakia kifurushi cha nguo.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekuwa mwepesi tu."

"Tangu lini?"

"Tangu jana bombani." Epifania alishuka kwenye mizani taratibu, akishika nguzo. "Akufukuzaye hakwambii toka, mwanangu. Huacha kukuamkia. Na mtu hushikwa chini na salamu, hashikwi na kingine."

Lusia alitafuta mawe ya ukubwa wa yai, akayashonea kwenye upindo wa joho la filamu. Ansgar akamkatia mama vyuma vya kuweka chini ya kandambili. Watu wa filamu waliambiwa wamwamkie kila asubuhi, na walimwamkia vizuri, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Salamu hizo zilisaidia mpaka kwenye saa nne. Salamu ya mgeni haidumu. Amekuja nayo na ataondoka nayo.

Jumapili walikwenda kanisani. Epifania alikaa kwenye benchi lake la kila siku, na benchi likabaki lake peke yake. Padri aliposema watu wapeane amani, mikono yote ikaelekea upande mwingine. Lusia alimpa mama yake mkono, akamwona ameinuka kidogo kutoka kwenye ubao, magoti yamekunjwa vilevile, anashikilia benchi la mbele. Katekista alimwona. Akasogeza kitabu cha nyimbo, akaanzisha wimbo.

Baada ya misa Lusia alizunguka nyumba kwa nyumba. Tazama mambo ya dunia: kwenye filamu mama anauliza mlango kwa mlango kuhusu watoto, na huku mtoto anapita milango ileile kwa ajili ya mama. Aliwaambia, mwamkieni mama yangu, neno moja tu, hamgharimiki. Walimkaribisha vizuri. Walimpa viazi vya kuchemsha. Walimwambia pole na safari, pole na kazi, Shinyanga hawajambo? Kuhusu mama, walisema watu wana shughuli nyingi kipindi hiki cha palizi.

Alimkuta Ngassa amekaa nje anachonga vigingi vya kuwekea mipaka.

"Ngassa, yule ni mama yako mkubwa. Amekubeba mgongoni."

"Amenibeba, dada. Sikatai."

"Basi mwamkie."

Ngassa alijaribu ncha ya kigingi kwa kidole gumba. "Salamu hailazimishwi, dada Lusia. Mtu huitoa moyoni. Na ungo ule tumeuona wote mchana kweupe, hakuna aliyesimuliwa."

"Ungo ule ni wa filamu! Meshack aliurusha kwa droni!"

"Ndivyo mnavyosema."

Hakusema kwa ukali. Lusia alitamani aseme kwa ukali, angalau apate pa kushika. Kwa Dorika ndiko alikotegemea zaidi, akamkuta mlangoni, mkwewe amesimama nyuma yake amefunga mikono kifuani. Dorika alilia waziwazi, machozi na moshi vimechanganyika. "Na mimi nina macho haya haya, Lusia," alisema. "Nikimwamkia yeye, mimi nitaamkiwa na nani?"

Ikawa siku ya mwisho. Mizigo ya Epifania ilikuwa imefungwa: sufuria mbili, picha ya Bikira Maria, kitenge cha kuzikiwa. Gari la kwenda Shinyanga lilikuwa limeegeshwa kivulini. Ilikuwa imebaki picha moja tu, ile ya Mama wa Nyota Jirani kurudi kwenye chombo bila watoto wake. Asubuhi Lusia alimwamkia, akaitikiwa. Kisha akampeleka kaburini kwa baba akamuage. Mama alisema salamu zake, akangoja kama kawaida yake, halafu akacheka kidogo. "Hata huyu," alisema, "leo amechelewa kuitika."

Watu wa kijiji walikuja kutazama. Walipanda juu ya kilima cha marudio, wakasimama, Ngassa mbele na Dorika nyuma na mkwewe. Epifania alivaa joho lenye mawe, akashika ungo wa fedha, kwa sababu Meshack aliona unapendeza mkononi na kwa sababu ni ungo wake na hakutaka kuusahau. Lusia alimpaka poda ya mwisho. Macho hakuyagusa.

Hapo ndipo Meshack alipomweleza mama kitendo: atembee mpaka mlangoni, ageuke aitazame dunia, avue joho, aliache chini, aingie.

"Asivue," Lusia alisema.

"Ndiyo filamu yenyewe, Lusia. Anavua uzito wa dunia."

"Meshack, nakuomba. Aingie nalo. Unajua nimeshona nini mle."

Meshack alijua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyengoja picha moja kwa miaka, na jua lilikuwa linazama pazuri. Alimtazama Epifania. Epifania akasema, "Acheni, nimesikia. Kazi ya watu iishe twende zetu."

"Kimya!" Meshack aliita. "Anza!"

Epifania alitembea mpaka kwenye mlango wa simtanki, akageuka. Haikuandikwa kwamba atasema neno. Lakini aliinua uso kule kilimani, kwa watu aliowapokea wakizaliwa na aliowapikia misibani, akafanya jambo ambalo mtu mzima hafanyi: akawa wa kwanza kusalimia.

"Mwadila!" aliwaita. Habari za jioni, kwa Kisukuma.

Upepo ulivuma marudio yakapeperuka kidogo. Epifania alingoja kama anavyongoja kaburini. Alingoja kuzidi hapo. Dorika alifungua kinywa, na mkwewe akamshika kifundo cha mkono, na kinywa kikafungwa.

Epifania alivua joho. Alilikunja, maana hajapata kuacha nguo chini ovyo maisha yake yote, akaliweka kwenye kizingiti. Kandambili zenye vyuma zikabaki juu ya mchanga, zimeelekeana vizuri. Yeye akapanda.

Lusia alikimbia akaingia kwenye picha, akaruka, akamdaka mguu. Mguu wenyewe ulikuwa wa moto, wenye mpasuko kisiginoni aliokuwa akiupaka mafuta utotoni.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu," Epifania alijibu. Hakushuka hata kidole.

"Shikamoo! Shikamoo mama! Shikamoo!"

"Umeshaniamkia asubuhi. Ya mtu mmoja ni moja tu kwa siku."

Lusia aligeuza shingo kwa wale wa kilimani. Alilia kwa sauti aliyoionea aibu hata yeye mwenyewe. "Mwamkieni! Jamani, neno moja! Ngassa! Ngassa, kaka yangu!"

Ngassa alikuwa anatazama chini, anakwangua tope kwenye buti. Wengine walitazama kwa utulivu, kama watu wanaotazama treni ya mizigo ikipita. Miguu ya Lusia ilikuwa imeacha ardhi. Mama yake aliona, akainama akampapasa mkono, akamfungua kidole kimoja kimoja, akauachilia.

"Wewe wanakuamkia," alimwambia. "Baki."

Lusia akaanguka kwenye marudio. Epifania alipita juu ya simtanki, juu ya pamba, juu ya kaburi la mumewe, ungo ukimetameta kwapani, akaelekea upande wa Ushirombo. Davis alimfuata na kamera mpaka akawa nukta, na baada ya nukta. Meshack alikaa kitambo kirefu ndipo akasema, "Kata." Alikuwa analia, na alijua ameipata picha.

Watu waliteremka kilimani. "Tulisema," alisema mmoja. Mwingine akasema, "Lisemwalo lipo." Mwenyekiti wa kijiji alimpa Lusia pole, akamweleza kwamba amefikiria sana, na haoni kosa la jinai katika mtu kupaa.

Filamu ilikamilika. Ilionyeshwa kwenye tamasha moja mjini, na waamuzi walimsifu Meshack, wakamuuliza waya aliuficha wapi. Alisema hakukuwa na waya. Wakacheka, wakampa ngao ya kioo. Ilionyeshwa pia Mwakalundi, kwenye kibanda cha video, na watu walijaa mpaka nje. Walipofika mwisho hakuna aliyeshtuka. Walikuwepo.

Lusia alirudi Ngokolo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua saluni, hutoka uani akainua uso, akasema "Shikamoo mama" mara moja, maana ya pili haihesabiwi. Majirani wanajua. Humpisha na ndoo zao.

Baada ya mvua alikwenda Mwakalundi kulipalilia kaburi la baba yake. Halikuwepo la kupalilia. Shamba lilikuwa maduara matupu, mashimo ya wachimbaji yaliyosimikwa magogo, na karasha inasaga mawe mchana kutwa. Ngassa alimwona, akavua kofia, akamwamkia vizuri sana. Alisema mzee walimhamisha kwa heshima, padri alikuwepo.

Wakati wa kuondoka Lusia alipita kwa Dorika. Alimkuta peke yake jikoni, anapuliza moto wa mavi ya ng'ombe, moshi umetanda. Njiani wanawake wawili walipita na madumu yao. Wakamsalimia Lusia, wakaendelea na safari. Dorika aliinuka kumpokea. Aliinuka kwa uangalifu, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, na kwenye pindo la khanga yake kulikuwa na kitu kizito kimefungwa fundo, cha ukubwa wa yai.

"Shikamoo mama," Lusia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Dorika alimsogezea kigoda. "Kaa kwanza. Usiondoke upesi."